Jicho Litangulie Mpira: Umakini wa Macho na Kiwango cha Uchezaji katika Soka la Wanawake

Hii ni hotuba niliyoitoa jijini Dodoma mbele ya walimu wa michezo, makocha wa timu za wasichana na wazazi. Walioshindwa kufika waliniomba niiandike, nami nimeiweka yote kama nilivyoisema, isipokuwa picha za ukutani ambazo nimeziacha.

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wenzangu, makocha, wazazi wangu mliotoka Bahi, Kongwa, Kondoa na Mpwapwa, na ninyi mabinti mliokaa pale nyuma karibu na mlango: naomba niseme itifaki imezingatiwa. Nawasalimu kwa Kigogo: Mbukwenyi!

Kabla sijaanza, naomba kila mmoja wetu anyooshe mkono mmoja mbele yake, kisha ainue kidole gumba. Mzee wangu wa mstari wa kwanza, na wewe pia, hapa hakuna mkubwa. Sasa tazameni ukucha wa kidole hicho. Eneo dogo lile, lenye upana wa nyuzi 2 hivi, ndilo peke yake ambalo jicho la binadamu huliona kwa ukali kamili kwa wakati mmoja. Mengine yote yaliyomo ukumbini humu, jirani yako, dirisha, mimi ninayesema, unayaona kwa ukungu unaozidi kadiri yanavyokuwa mbali na ukucha huo, ila ubongo wako unakutuliza kwamba umeyaona yote sawasawa.

Shusheni mikono, asanteni. Uwanja wa mpira wa kimataifa una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Ndani yake wamo watu 22, na karibu wote wanasogea. Binti yetu aliyesimama katikati ya uwanja huo amepewa ukucha mmoja tu wa kuona kwa ukali. Auweke wapi? Auweke kwenye mpira? Auweke kwa beki anayemjia? Auweke kwa winga aliyeanza kukimbia upande wa pili? Na akikosea mahali pa kuuweka, tutasema nini sisi tuliosimama kwenye mstari? Tutasema hana kipaji. Mimi nimesema hivyo mara nyingi, na nimekuja leo kuwaeleza kwa nini nimeacha.

Jicho, ndugu zangu, halitelezi polepole juu ya uwanja kama kamera ya televisheni. Huruka. Hutua mahali, hutulia kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha huruka tena, mara tatu hivi katika kila sekunde, na wakati linaporuka ubongo huizima picha. Ukifika nyumbani simama mbele ya kioo, tazama jicho lako la kushoto, kisha la kulia, kisha rudi la kushoto. Hutayaona macho yako yakisogea hata mara moja. Mwite mtoto asimame kando yako, yeye atayaona. Maana yake ni kwamba mchezaji haoni mchezo mfululizo. Anaona vipande, na vipande hivyo anavichagua mwenyewe, ajue au asijue kwamba anachagua.

Tena kuelekeza jicho si sawa na kuelekeza umakini. Mwanasayansi wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, alilionyesha hilo katika karne ya 19: mtu anaweza kukaza macho yake mahali pamoja huku umakini wake akiupeleka pengine. Kinyume chake ni kweli vilevile, yaani jicho linaweza kutua juu ya kitu na mwenye jicho asikione. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani, Daniel Simons na Christopher Chabris, waliwaonyesha watu filamu fupi ya vijana wanaopasiana mpira, wakawaagiza wahesabu pasi za timu moja. Katikati ya filamu mtu aliyevaa vazi la sokwe aliingia, akajipigapiga kifua, akatoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Wahenga walisema macho hayana pazia. Kuhusu macho walisema kweli. Umakini unalo pazia, tena zito, na mtu mwenye kazi nyingi kichwani hulivuta bila kujua.

Sasa niwapeleke Bahi. Nilipokuwa na miaka tisa, likizo ya shule, babu yangu alinipeleka machungani. Yeye alikaa chini ya mbuyu akichonga mpini wa jembe, na kwa macho yangu ya kitoto alikuwa hachungi kitu. Alichonga, akainua kichwa, akachonga, akainua kichwa. Siku ya tatu akaniachia kundi lote. Nilijitahidi mno. Niliwatazama ng'ombe mmoja mmoja, nikawahesabu, nikawahesabu tena, sikupepesa macho. Jioni wawili walikuwa ndani ya shamba la uwele la jirani, na jirani alikuwa amesimama juu ya kichuguu akiniita kwa jina la baba yangu. Babu hakunichapa. Aliniambia, "Wewe ulikuwa unatazama ng'ombe. Mimi huwa natazama uwele wa watu na ile dume yenye pembe iliyopinda, kwa sababu ikienda, wote wanaenda." Nilimtazama mzee yule kwa miaka mingi kabla sijaelewa kwamba alikuwa amenipa somo la ukocha.

Nimelielewa nilipokuja kusoma kazi ya Mark Williams na wenzake wa Uingereza, iliyotoka mwaka 1994. Waliwaweka wachezaji wazoefu na wasio wazoefu mbele ya skrini kubwa, wakawaonyesha mashambulizi ya timu mbili kamili, huku wakipima macho yao yanatua wapi, na kuwataka waseme pasi itakwenda wapi. Wasio wazoefu walikuwa mimi na ng'ombe wangu: macho yao yaling'ang'ania mpira na mtu mwenye mpira. Wazoefu waliuacha mpira, macho yao yakatembea kwa wale wasio na mpira, kwenye nafasi walizosimama na njia walizoanza kukimbilia, tena yakitua sehemu nyingi zaidi na kwa muda mfupi zaidi. Na walitangulia kujua pasi inakwenda wapi.

Je, wazoefu wana macho makali kuliko wenzao? Hapana, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo tunapopotea. Uwezo wa jicho lenyewe, ule unaopimwa kwa herufi za ukutani hospitalini, hauelezi vya kutosha tofauti kati ya mchezaji wa kiwango cha juu na wa kiwango cha chini. Kinachoelezea ni kile ambacho jicho limefundishwa kukitafuta. Wachezaji wa sataranji walipimwa zamani na Adriaan de Groot wa Uholanzi, na mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon wakaendeleza kazi hiyo: bingwa akionyeshwa kwa sekunde chache ubao uliotokana na mchezo halisi, huupanga upya kwa kumbukumbu karibu wote, lakini kete zikitawanywa ovyo, faida yake juu ya mwanafunzi huporomoka. Hakuwa na kumbukumbu ya ajabu. Alikuwa ameona michezo mingi. Anayecheza bao pale barazani kwetu ananielewa. Yeye haoni kete moja moja, anaona jinsi mchezo unavyotaka kwenda.

Katika mpira, mtafiti wa Norwei, Geir Jordet, alikuja na njia rahisi ambayo hata sisi tusio na vifaa tunaiweza. Hakutazama macho, alitazama vichwa. Mwaka 2013 yeye na wenzake walitoa uchambuzi wa wachezaji 118 wa Ligi Kuu ya Uingereza, wakihesabu ni mara ngapi mchezaji anageuza uso kuutoa kwenye mpira ili kukagua uwanja, katika sekunde 10 za mwisho kabla ya kupokea pasi. Waliokuwa juu kabisa katika orodha ni Frank Lampard na Steven Gerrard. Waliokagua zaidi walifikisha pasi zaidi, hasa za kwenda mbele. Mtaniuliza: hao si wanaume? Ni wanaume. Sehemu kubwa ya utafiti wa aina hii imefanywa kwa wanaume, na nasema bila kificho kwamba jambo hilo linaniudhi. Lakini wanawake nao wameanza kuchambuliwa kwa njia hiyo hiyo, yakiwemo mashindano ya Ulaya ya wanawake yaliyofanyika Uingereza mwaka 2022, na ukitazama mechi yoyote ya Aitana Bonmatí wa Hispania, usiutazame mpira, mtazame yeye tu kwa dakika tano. Shingo yake haipumziki.

Nataka sasa niwaeleze habari za binti mmoja, ambaye jina lake nitalihifadhi kwa kuwa amekaa humu ndani na ananitazama.

Alikuja kwetu akiwa kidato cha pili, kutoka upande wa Kondoa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa wa kupendeza. Ungempa mpira na uwanja mtupu, angekutengenezea chochote. Lakini kwenye mechi alikuwa kama mtu anayetafuta sindano mchangani. Mpira ukimfikia, kichwa chini. Anautuliza, kichwa chini. Anausogeza mara moja, mara mbili, kichwa chini. Na anapoinua uso, beki ameshafika. Nikamwambia kila siku, "Inua kichwa! Inua kichwa!" Alikuwa anaitikia, "Sawa, mwalimu." Hakuinua.

Ilinichukua muda wa aibu kugundua mambo mawili. La kwanza lilikuwa pini. Alikuwa anavaa hijabu ya kawaida ya shule, ameibana chini ya kidevu kwa pini moja, na kila alipogeuza shingo kwa haraka kitambaa kilihama na kumfunika jicho la upande ule. Akawa amejifunza, pasipo yeye mwenyewe kujua, kutogeuka. FIFA iliruhusu rasmi wachezaji kufunika kichwa uwanjani mwaka 2014, na hijabu za michezo zinazoshika vizuri zipo, lakini mimi niliyekuwa nikimpigia kelele ageuke sikuwa nimesogea karibu kuona kinachomzuia. Mama mmoja fundi cherehani alimshonea nyingine ya kitambaa kinachovutika, isiyo na pini. Wiki ile ile shingo ilifunguka.

La pili lilikuwa kubwa zaidi. Hata shingo ilipofunguka, macho bado yalirudi chini, kwa sababu hakuwa anauamini mguu wake kupokea mpira bila kusimamiwa. Hili ndilo ninalotaka mlibebe. Ufundi wa mguu na umakini wa macho si masomo mawili. Mguu usiojua kazi yake unalikodi jicho: binti ambaye mguso wake wa kwanza haujakomaa analazimika kuutazama mpira mpaka unagusa kiatu, na kila sehemu ya sekunde anayoutazama ni sehemu ya sekunde ambayo hakuutazama uwanja. Kwa hiyo anaamua akiwa amechelewa, anapasi akiwa amechelewa, na sisi tunaandika kwenye daftari kwamba "hana maono." Ana maono. Ameyaweka rehani kwenye mguu.

Tulifanya hivi. Mwenzake mmoja anasimama mbele yake hatua kumi na mbili akimpelekea mpira. Mimi nasimama nyuma yake nikiwa na vizibao viwili, cha njano na cha bluu. Mpira unapoanza kutembea nainua kimoja, naye lazima atupe jicho begani, ataje rangi kwa sauti kabla mpira haujamgusa, kisha ageukie upande wa rangi hiyo. Siku ya kwanza ilikuwa kichekesho. Ilikuwa Agosti, upepo wa Dodoma mnaujua, vumbi limesimama kama ukuta upande wa goli la magharibi, na binti anataja "bluu!" kwa sauti ya ushindi huku mpira umempita katikati ya miguu. Akitaja rangi, anaukosa mpira. Akiupata mpira, hakutaja rangi. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Nikasogeza mpigaji karibu, mpira uje polepole. Na kila jioni akabaki nusu saa peke yake na ukuta wa darasa, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, akiwa ametazama juu kwenye bati na si chini. Siku moja, ilikuwa wiki ya nne au ya tano, nilinyanyua kizibao cha njano nikasikia "njano" na mlio wa kiatu kwa wakati mmoja, na nilipotazama alikuwa ameshageuka, mpira uko mbele yake, uso uko juu. Hakushangilia. Aliuliza kama tunaendelea.

Lakini nisiwadanganye kwamba mambo yalinyooka. Nilipoona zoezi limefaulu, nililianzisha kwa timu nzima, nikawaambia nitahesabu nani anageuza kichwa mara nyingi kwenye mechi. Mlimwona mjusi kafiri juu ya jiwe? Ndivyo walivyokuwa. Vichwa huku, vichwa kule. Wakati wa mapumziko nikamwita beki wangu wa kati, nikampongeza, nikamuuliza, "Ulipogeuka ile mara ya mwisho uliona nini?" Akanijibu kwa unyoofu wote, "Sijaona kitu, mwalimu, nimegeuka kama ulivyosema." Tangu siku hiyo sihesabu tena. Nasimamisha mchezo ghafla, nawaambia wafumbe macho, nauliza: winga wa upande wa pili yuko wapi? Nyuma yako yuko nani? Nafasi iko wapi? Anayetazama kwa swali ataona. Anayetazama kwa amri atageuza shingo tu. Kwa sababu hiyo hiyo siwashauri mkimbilie programu za simu zinazouzwa kwa ahadi ya kunoa macho ya mchezaji kwa kubonyeza vidoti kwenye skrini. Mtu hujifunza kubonyeza vidoti, na ushahidi kwamba faida hiyo inamfuata mpaka uwanjani ni mwembamba.

Makocha wenzangu, naomba sasa nizungumze nanyi, wazazi mtuvumilie. Nani kati yetu hapigi kelele kwenye mstari? Nyoosheni mikono. Naona mkono mmoja, na mwenye mkono huo anacheka.

Tulikuwa na mechi ya mchujo wa UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, matokeo sare, dakika za mwisho. Kiungo wangu akapokea mpira katikati, ana nafasi, na mimi nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Piga! Piga!" Nilimwona akifanya nini? Aliinua kichwa, ndiyo. Akanitazama mimi. Ule mtupo mmoja wa jicho aliokuwa nao, ule ambao tuliufanyia kazi miezi mitatu, aliutumia kwa mwalimu wake. Upande wa kulia mwenzake alikuwa amebaki peke yake, amenyoosha mikono miwili. Aliporudisha macho mpirani haukuwepo tena, umeshachukuliwa, na sekunde kumi baadaye tulikuwa tunauokota wavuni. Alilia njia nzima kwenye basi, akiomba msamaha. Akiniomba msamaha mimi!

Tunapopiga kelele "piga," "toa," "geuka," tunamnyang'anya mchezaji kazi ya macho yake na kumfanya mtumishi wa macho yetu, ambayo yako mbali na yako pembeni. Sauti inayosaidia ni ya mwenzake aliye karibu: "Una mtu!" "Uko mwenyewe!" Maneno hayo mawili yanampa habari na kumwachia uamuzi. Ya kwetu yanampa uamuzi na kumnyima habari. Nawaomba tujaribu dakika kumi tu za kila mazoezi bila sauti ya kocha. Mtaona jinsi zilivyo ndefu.

Kuhusu makipa nitapita haraka, ila siwezi kuwaacha, kwa kuwa hakuna binti anayetukanwa zaidi ya kipa. Goli ni la mita 7.32 kwa mita 2.44, ni lile lile la wanaume, na penalti inapigwa kutoka mita 11. Mpira unaokwenda kilomita 90 kwa saa unafika kwa chini ya nusu sekunde. Hakuna binadamu anayesubiri mpira uondoke ndipo aamue. Lazima asome kabla. Asome nini? Geert Savelsbergh na wenzake wa Uholanzi walilipima jambo hilo mwaka 2002: makipa wasio wazoefu walipoteza muda mwingi wakitazama kiwiliwili, mikono na nyonga za mpigaji, lakini wazoefu, kadiri mguu ulivyokaribia kugusa mpira, walikuwa wametulia kwenye mguu unaopiga, mguu uliosimama, na mpira. Nimemfundisha kipa wetu kuutazama mguu uliosimama. Amedaka penalti tatu kati ya nyingi, hivyo siahidi miujiza. Na mpigaji naye ana mtego wake: watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walionyesha mwaka 2009 kwamba mpigaji akiingiwa na hofu macho yake humng'ang'ania kipa mapema zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na mpira hufuata macho, ukaenda pale pale kipa anapoufikia. Mabinti, mkienda kupiga, amueni kona kabla ya kurudi nyuma, itazameni, tulieni, kisha mpige.

Sasa wazazi wangu. Mtoto wa kiume wa pale Chang'ombe au Nkuhungu ameanza chandimu akiwa na miaka mitano. Akirudi shule anatupa begi, anatoka. Mpira wa makaratasi, magoli ya mawe, watoto ishirini katika uwanja usiotosha watoto wanane, na kila jioni macho yake yanajifunza kupita katikati ya miili. Akifika miaka kumi na minne ana maelfu ya saa za kutazama ambazo hakuna kocha aliyemfundisha. Dada yake wa nyumba ile ile jioni hizo alikuwa na ndoo kisimani, alikuwa na mdogo wake mgongoni, alikuwa anasonga ugali. Anakuja kwetu akiwa na miaka kumi na minne, tunawaweka pamoja kwenye mizani moja, kisha tunasema wasichana kwa maumbile hawaoni mchezo. Ni maumbile hayo, au ni saa?

Wala si hapa petu tu. Uingereza, wanaojiita wenye mpira, chama chao cha soka kiliwafungia wanawake viwanja vya klabu zake mwaka 1921, na marufuku hiyo ikadumu karibu nusu karne. Brazil waliwakataza kwa sheria kuanzia 1941 hadi 1979. Kombe la Dunia la wanawake la FIFA lilianza mwaka 1991. Hesabuni wenyewe saa zilizopotea.

Na hesabuni pia kinachotokea saa zikipatikana. Oktoba 2022 nchini India, Serengeti Girls wetu waliingia Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17. Mechi ya kwanza walifungwa na Japani mabao 4 kwa 0. Niliirudia mechi ile si kwa sababu napenda maumivu, bali kwa sababu Wajapani wale hawakuwa na mbio kuliko wetu. Walikuwa wanajua mpira unakwenda wapi tena kabla haujawafikia. Siku tatu baadaye wetu waliifunga Ufaransa 2 kwa 1, wakatoka sare ya 1 kwa 1 na Kanada, wakafika robo fainali, ambako Kolombia iliwatoa kwa mabao 3 kwa 0. Watoto wa Kitanzania, kwa mara yao ya kwanza. Mnataka kuniambia hawaoni?

Jambo moja la mwisho kwa wazazi, na ni la kwetu hasa sisi wa Kanda ya Kati. Kabla hamjamlaumu mtoto kwa kutoona pasi, mpelekeni akapimwe macho. Kongwa imetafitiwa kwa miaka mingi kwa sababu ya vikope, ugonjwa unaoenea penye uhaba wa maji na inzi wengi, na madhara yake ya baadaye huwapata zaidi wanawake, kwa kuwa wao ndio hukaa na watoto wadogo wenye maambukizi. Kuna pia watoto wasioona mbali tu, wanaohitaji miwani, ambao hawajawahi kuulizwa. Nimesema jicho zima halitoshi kumfanya mtu mchezaji. Sikusema jicho linaloumwa halimzuii.

Ninachoomba kwenu ni saa moja na nusu, siku tatu kwa wiki, bila ndoo. Kaka yake ana mikono miwili, anaweza kuteka maji.

Muda wangu umekwisha na namwona mshereheshaji ameanza kukohoa. Mabinti kumi na wanne wamekwishatoka, wanajinyoosha hapo uwanjani. Mtaona vizibao vya njano na bluu, na mtamwona yule binti wa mguu wa kushoto, ila msimwambie kwamba mmemtambua. Tutacheza dakika ishirini, saba kwa saba. Makocha, mtakaa upande wa kivulini, na kwa dakika hizo ishirini hakuna mtu mzima atakayetoa sauti. Filimbi ninayo mimi. Tazameni vichwa vyao. Karibuni nje.